Mwendo wa Kusoma: Kinachowachelewesha Watoto wa Kitanga

Maneno kwa dakika ni kipimo kinachotumika siku hizi katika sehemu mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza ni matangazo ya kozi za kusoma haraka, ambamo wanafunzi wa vyuo na watumishi wa ofisini huahidiwa kwamba baada ya wiki chache watamaliza kitabu kizima jioni moja. Ya pili ni shule za msingi. Humo mtoto wa darasa la pili huketi mbele ya mpimaji, akapewa kadi yenye kifungu kifupi cha Kiswahili, saa ikabonyezwa, naye akasoma kwa sauti hadi dakika iishe. Akikwama kwenye neno kwa sekunde kama tatu, huambiwa aendelee na linalofuata. Kila neno alilokosea huwekewa mkwaju. Mwishoni huulizwa maswali machache kuhusu alichokisoma, na mara nyingi hapo ndipo ukimya unapotanda.

Makala haya yanazungumzia zaidi huyo mtoto wa shule ya msingi, hasa yule wa Kitanga na vijiji vya nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma. Lakini siwezi kumweleza bila kupitia kwanza kwa wale wauza kasi, kwa sababu wazo lao limeingia hadi shuleni: kwamba kasi ni ufundi unaoweza kufundishwa peke yake, ukiwa umetengwa na lugha, maarifa na vitabu. Naamini wazo hilo si sahihi, na gharama yake huwaangukia wale wasio na vitabu.

Biashara ya kusoma haraka kama tunavyoijua ilianzia Marekani. Mwalimu mmoja aitwaye Evelyn Wood alifungua kozi yake ya Reading Dynamics mwaka 1959. Aliwafundisha watu kushusha mkono juu ya ukurasa, macho yakiufuata, na kuacha kutamka maneno kimoyomoyo. Rais John F. Kennedy alisifiwa kwamba husoma maneno 1,200 kwa dakika, na sifa hiyo ilisaidia sana kuyafanya mashindano ya kasi yawe jambo la heshima. Baadaye Rais Jimmy Carter naye aliisoma kozi hiyo akiwa Ikulu ya nchi yake.

Sayansi ya macho haikuwahi kuunga mkono ahadi hizo. Tangu mwaka 1879 daktari wa macho wa Ufaransa, Émile Javal, alikuwa ameandika kwamba macho ya msomaji hayatelezi juu ya mstari kama watu wanavyodhani. Huruka, hutua, kisha huruka tena. Kila mtuo huchukua kama robo ya sekunde, na kila mruko husogea herufi saba hadi tisa hivi kwa anayesoma Kiingereza. Sehemu ya jicho inayoona herufi kwa uwazi kamili ni ndogo mno, kwa hiyo hakuna mazoezi yatakayolifanya jicho lisome ukurasa mzima kwa mtuo mmoja. Marcel Just na Patricia Carpenter wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon waliwapima watu waliohitimu kozi za kasi, wakawalinganisha na watu wa kawaida walioambiwa wapitie maandishi juu juu tu. Makundi hayo mawili yalikaribiana: yote yalikamata kiini cha habari nyepesi, na yote yalishindwa na wasomaji wa mwendo wa kawaida ilipokuja kwenye undani. Mwaka 2016 Keith Rayner na wenzake wanne walichapisha mapitio marefu ya utafiti wa miongo mingi wakafikia hitimisho lilelile: ukiongeza kasi kupita uwezo wako wa kuelewa, unapoteza uelewa. Mtu mzima anayesoma Kiingereza vizuri, kimyakimya, husoma wastani wa maneno 238 kwa dakika katika maandishi yasiyo ya kubuni. Hicho ni kiwango alichokifikia Marc Brysbaert mwaka 2019 alipokusanya matokeo ya tafiti nyingi za wengine.

Jambo moja katika mapitio ya Rayner linawahusu walimu wetu moja kwa moja. Kinachotofautisha msomaji wa haraka na wa polepole ni lugha: msamiati alionao, muundo wa sentensi alioukwisha kuuzoea, na wingi wa kurasa alizozisoma maishani. Macho hufuata akili. Anayelijua neno hulitambua kwa mtuo mmoja mfupi, na asiyelijua hulirudia, hata kama ana macho ya tai.

Sasa turudi kwa mtoto na kadi yake. Kwake kasi ina maana nyingine, na hapa wapimaji wana hoja nzito. Akili ya binadamu hushika vitu vichache kwa sekunde chache tu kabla havijafutika. Mtoto anayesoma "Ma-ma a-na-pe-ta ma-ha-ra-ge u-a-ni," akivuta kila silabi kwa jasho, akifika "ni" huwa "mama" ameshapotea. Amesoma kila herufi kwa usahihi na hajaambulia kitu. Helen Abadzi, aliyekuwa Benki ya Dunia, alilieleza jambo hili kwa miaka mingi: chini ya mwendo fulani, uelewa hauwezekani, hata mtoto awe na akili kiasi gani. Kwa hiyo kasi ya mwanzo ni mlango. Ukishaingia ndani, kuongeza kasi zaidi hakuna faida kubwa, lakini bila kuuvuka mlango huo huwezi kuelewa hata barua ya nusu ukurasa.

Tanzania iliweka mlango huo kwenye maneno 50 kwa dakika kwa darasa la pili. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2013, uliotumia utaratibu huo wa kadi na saa, ulikuta wastani wa mtoto wa darasa la pili uko chini ya maneno 20. Tufanye hesabu ndogo. Kwa mwendo wa maneno 18, neno moja huchukua zaidi ya sekunde tatu, na sentensi ya maneno manane karibu nusu dakika. Ukurasa wa maneno 150 unachukua zaidi ya dakika nane. Mtoto huyo akifika darasa la nne, lenye vitabu vya sayansi na vya masomo mengine, siku haitamtosha.

Uwezo, upimaji ulioanza mwaka 2010 na kufanyika nyumbani kwa watoto badala ya shuleni, ulikuwa umeshapiga kengele. Katika mwaka huo wa kwanza, ni karibu watoto watatu kati ya kumi wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Taifa lilistuka. Serikali ilipunguza masomo ya darasa la kwanza na la pili, na mwaka 2015 ukaanza mtaala wa KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Ulikuwa uamuzi mzuri, na naona haupewi sifa unazostahili.

Lakini kipimo chenyewe kinataka tahadhari. Neno la Kiswahili limebeba mengi. "Hawatatupelekea" ni neno moja kwenye hesabu ya mpimaji, ilhali ndani yake mna ukanushi, watendaji, wakati, watendewa na kitendo. Kwa hiyo kuwaweka kwenye mizani moja watoto wanaosoma lugha mbalimbali ni kosa. Kenya walilitambua hili mapema: viwango vyao vya darasa la pili viliwekwa maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza na 45 kwa Kiswahili. Mwalimu au mfadhili anayekuja na chati ya Marekani na kuwatangaza watoto wetu kuwa ni wazito, anapima kwa kipimo kisicho chao.

Upande mwingine, Kiswahili kina neema kubwa ambayo hatuitumii vya kutosha. Irabu ni tano, kila moja ina sauti yake isiyobadilika, na takriban kila kinachoandikwa hutamkwa. Watafiti walioongozwa na Philip Seymour walilinganisha lugha za Ulaya mwaka 2003 wakaona kwamba watoto wanaojifunza kwa tahajia nyoofu, kama Kifini, hushika usomaji wa maneno ndani ya mwaka wa kwanza wa shule, wakati watoto wa Kiingereza huchukua zaidi ya mara mbili ya muda huo. Tahajia ya Kiswahili ni nyoofu. Kwa kanuni hiyo, mtoto wa Kitanga anayefundishwa sawasawa alipaswa kusoma maneno ifikapo mwisho wa darasa la kwanza. Kama hasomi, tahajia haihusiki. Tutafute kwingine.

Kwanza ni lugha ya nyumbani. Katika vijiji vya Kitanga, Makere, na kuelekea Kibondo, mtoto hukua na Kiha. Anachezea Kiha, anatumwa dukani kwa Kiha, bibi anamsimulia hadithi kwa Kiha. Kiswahili anakisikia redioni, mnadani, msikitini au kanisani, lakini si lugha anayoiotea ndoto. Anapofika darasa la kwanza huwekewa kazi mbili kwa pamoja: kujifunza herufi, na kujifunza lugha ambayo herufi hizo zinaiandika. Mtoto wa Kigamboni, Dar es Salaam, anayekua na Kiswahili, ana kazi moja tu. Halafu wote wawili wanapewa kadi ileile na dakika ileile.

Lakini tusikuze tatizo kupita lilivyo. Kiha ni Kibantu, ndugu wa Kiswahili. Irabu zake ni zilezile tano, na ngeli zinafuatana: anayesema "umwana" na "abana" nyumbani hana safari ndefu kufika "mwana" na "wana". Hilo ni daraja lililokwisha kujengwa, na mwalimu anayekijua Kiha anaweza kumvusha mtoto siku za mwanzo kwa maelezo ya kinywa tu, bila kitabu kipya na bila kuvunja sera. Walimu wengi wenyeji hufanya hivyo kimyakimya. Tatizo ni kwamba hufanya kama watu wanaoiba, kwa kuogopa mkaguzi, wakati walistahili kufundishwa chuoni namna ya kulifanya vizuri zaidi. Kasulu ina vyuo vya ualimu viwili vinavyojulikana nchi nzima, Kasulu na Kabanga. Hakuna mahali panapofaa zaidi kuanza.

Mfano wa kulinganisha uko mlangoni. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi wa Kongo, ipo wilayani Kasulu, na kambi ya Nduta iliwekwa Kibondo. Warundi walioingia kuanzia mwaka 2015 walisomesha watoto wao kwa mtaala wa kwao, ambao huanza na Kirundi. Kirundi na Kiha vinakaribiana kiasi kwamba wazungumzaji wake huelewana bila mkalimani. Kwa hiyo katika ardhi ileile, mtoto mkimbizi, pamoja na shida zote za kambi, alianza kusoma kwa lugha ya mama yake, na jirani yake Muha akaanza kwa lugha anayoikuta shuleni. Sisemi turudi nyuma na kukiacha Kiswahili darasani. Lugha hii imetujengea taifa na watoto wa Kigoma wana haki nayo sawa na wengine. Nasema tuache kujifanya kwamba kila mtoto anaikuta akiwa nayo kinywani.

Sababu ya pili ni msongamano. Michango ya lazima shuleni ilipofutwa mwaka 2016, watoto walimiminika shuleni, na hilo lilikuwa jambo la haki. Lakini vyumba na walimu havikuongezeka kwa mwendo uleule. Darasa la kwanza lenye watoto 120 si jambo la kushangaza katika vijiji hivi. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Mwalimu akitaka kumsikiliza kila mtoto akisoma, bila kufanya kitu kingine chochote, kila mmoja anapata sekunde 15. Ndani ya sekunde 15, yule mtoto wa maneno 18 kwa dakika anasoma maneno manne na nusu.

Mwalimu aliye mbele ya hesabu hiyo hufanya analoweza: anasoma ubaoni, darasa linaitikia. "Ba!" Ba! "Be!" Be! Sauti inasikika hadi barabarani, na mpita njia anadhani watoto wanasoma. Wanaosoma ni wachache wa mbele. Wengine wanafuata wimbo, na wapo wanaoweza kutaja ukurasa mzima kwa kichwa kidole kikiwa kwenye mstari tofauti kabisa. Ukimfunika mtoto huyo picha na kumwonyesha neno moja katikati ya sentensi, anaanza tena mwanzo wa ukurasa ili alifikie kwa kuimba. Huyo ndiye anayeingia baadaye kwenye orodha ya "wasiomudu KKK", na mara nyingi hagunduliki hadi darasa la tatu au la nne, kwa sababu katika kuitikia hakuwahi kukosea.

Umbali nao una mchango. Vijiji hivi vingi vilipata sura vilivyonayo katika Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, watu walipohamishwa kutoka mashambani mwao na kukusanywa pamoja, na shule zikafuata. Lakini watu wameongezeka na wametawanyika tena kuifuata ardhi, na mtoto wa miaka sita hawezi kutembea kilomita nyingi wakati wa masika. Shule shikizi, zile ndogo zinazowekwa karibu na makazi ya mbali, zimesaidia sana hapa. Mpango wa EQUIP-Tanzania, ulioanza mwaka 2014 kwa fedha za Uingereza na kuihusisha Kigoma, uliwafundisha walimu wa madarasa ya mwanzo namna ya kufundisha KKK, na ukaanzisha madarasa ya utayari kwa watoto ambao hawakupitia elimu ya awali, yakiongozwa na wanakijiji wenyewe kwa hadithi na michezo. Mpango wa Shule Bora, ulioufuata, nao unaifikia Kigoma. Jambo la hadithi kwa Kiswahili kabla ya herufi ni la maana kuliko linavyoonekana, kwa kuwa linazitenganisha zile kazi mbili: lugha kwanza, maandishi baadaye.

Sababu ya tatu ndiyo ninayoiona kubwa kuliko zote, nayo ndiyo inayosemwa kidogo kuliko zote. Hakuna cha kusoma. Mtoto akishajua silabi, kasi huja kwa njia moja tu: kukutana na maneno yaleyale mara nyingi katika habari mbalimbali hadi ayatambue kwa kuyaona. Kitabu cha kiada kimoja, kinachoshirikiwa na watoto kadhaa na kufungiwa kabatini kengele ikilia, hakitoshi. Kikiisha kukaririwa hakina kazi tena. Nyumbani mna kalenda, mfuko wa mbolea, ujumbe wa simu wa pesa, na katika nyumba kadhaa Biblia, Kurani au kitabu cha nyimbo. Mtoto anayetoka shuleni saa sita na nusu hagusi maandishi hadi kesho yake asubuhi, na wakati wa likizo ya Juni hata wiki nne.

Nchi hii iliwahi kulielewa jambo hili. Kampeni ya kisomo ya miaka ya 1970, baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, ilikuja na maktaba za vijiji na magazeti ya vijijini, kwa kuwa waliopanga walijua kwamba aliyejifunza kusoma bila kupata cha kusoma husahau. Maktaba hizo zilikufa moja baada ya nyingine. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa mwaka 1991, umetoa hadithi nyingi nzuri za Kiswahili zilizoandikwa na Watanzania. Vitabu vipo. Havifiki Kitanga kwa wingi, na vikifika, mwalimu mkuu huogopa kuviazimisha kwa kuhofia vitapotea na yeye atajibu. Hofu hiyo naielewa. Lakini kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimefanya kazi yake, na halmashauri ingepaswa kukihesabu kama chaki iliyokwisha, si kama mali iliyoibwa.

Ndani ya darasa lenyewe lipo jambo linaloweza kuanza Jumatatu bila mfadhili. Mwaka 1979 S. Jay Samuels alieleza njia rahisi: mtoto asome kifungu kifupi kilekile mara tatu au nne, hadi kiwe chepesi, kisha apewe kingine. Tofauti na kuitikia, hapa kila mtoto anasoma mwenyewe, na maandishi yenyewe yako mbele ya macho yake. Kwa darasa la watoto 120, hilo huwezekana kwa jozi: mmoja asome, mwenzake afuatilie kwa kidole na kumsahihisha, kisha wabadilishane. Katika dakika 10 za jozi, kila mtoto anasoma dakika tano badala ya sekunde 15. Kutakuwa na kelele. Ni kelele za watu 60 wanaosoma, na mkaguzi anayeingia inafaa afurahi.

Saa ya mpimaji nayo iwekwe mahali pake. Ni kama kipimajoto cha zahanati: kinaonyesha homa, hakiiponyi. Zipo shule ambazo, kwa shinikizo la takwimu, zimeanza kuwafanyisha watoto mbio za maneno, na watoto wakajifunza kwamba kusoma ni kutamka upesi kabla saa haijalia. Mtoto anayesoma maneno 60 kwa dakika na kushindwa kusema nani alipeta maharage hajavuka mlango wowote.

Tusipolisimamia hili mapema, bei yake hulipwa kidato cha kwanza. Mtoto wa Kasulu aliyejifunza kwa Kiswahili kwa miaka saba hukabidhiwa vitabu vya Kiingereza, karibu vyote kwa siku moja. Mtaala ulioanza mwaka 2024 umeleta Kiingereza kama somo tangu darasa la kwanza, nao umelenga kufupisha elimu ya msingi iwe miaka sita. Kwa mtoto wa Kiha maana yake ni lugha ya tatu kabla ya ya pili haijakomaa. Naona hatari hapa, kwa sababu ujuzi wa kusoma huhama kutoka lugha moja kwenda nyingine pale tu ulipokwisha kushika mizizi. Anayesoma Kiswahili kwa ufasaha ataipata tahajia ngumu ya Kiingereza kwa taabu, lakini ataipata. Anayesoma Kiswahili kwa kuvuta silabi atakariri Kiingereza kama alivyokariri "ba be bi bo bu", na mitihani itamfichua. Kijana huyohuyo ndiye atakayeuziwa kozi ya kusoma haraka akifika chuo, akiambiwa macho yake ni mazito.

Halmashauri za Kasulu na Kibondo zitenge kila mwaka fedha za vitabu vya hadithi kama zinavyotenga za madawati, na kamati za shule ziwaruhusu watoto kwenda navyo nyumbani. Vyuo vya Kasulu na Kabanga viwafundishe walimu namna ya kukitumia Kiha kumfikisha mtoto kwenye Kiswahili. Na wewe mzazi wa Kitanga, hata kama hukubahatika kusoma, mwambie mwanao kila jioni akusomee ukurasa mmoja, kisha akueleze kwa Kiha alichokisoma. Akiweza kukueleza, anasoma. Akishindwa, kesho asubuhi nenda ukamwone mwalimu wake.